Ombi Nililomwombea Anti Mwende

Kiti cha chuma cha kukunja kina mlio wake. Ukikifungua hulia kwanza kwa sauti nyembamba, kama mtu aliyebanwa kidole, halafu hutua sakafuni kwa kishindo. Juzi nilikwenda kwenye mahafali ya mtoto wa rafiki yangu huko Fairfax, na vijana walipoanza kupanga viti hivyo kwenye nyasi, nikajikuta nacheka peke yangu. Rafiki yangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Ninyi lakini mmeshaketi, na nyuso zenu ni za kutunza siri, kwa hiyo nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kanisa letu lilikuwa Bladensburg, katika ukumbi wa chini ya kanisa la Wamarekani. Wao walimaliza ibada yao saa sita, sisi tukaanza saa nane, nikimaanisha saa nane ya kwenye tangazo. Ukumbi ulinuka zulia lenye unyevu na kahawa ya wenyeji wetu, na juu ya harufu hiyo tuliongeza ya kwetu: tangawizi, maziwa yanayotaka kufurika, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Kupanga viti ilikuwa kazi ya watoto, ndiyo maana mlio ule umenikaa masikioni.

Wazazi wetu wengi walikuwa Wakamba, na wachache walitoka Kisii na Bungoma. Walipohamia Marekani hawakuja na mabegi tu, walikuja na kanisa zima: nyimbo, kamati, mkutano wa akina mama, na safu ya nyuma. Safu ya nyuma ni jambo ambalo kila aliyelelewa katika makanisa yetu ya bara analijua. Mtu akikutwa na dhambi ya wazi, wazee humtoa katika huduma na kumweka nyuma kwa muda maalumu. Haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, hasimami kutoa ushuhuda. Anakaa tu, na kila mtu anajua kwa nini amekaa.

Shida ni kwamba ukumbi ule haukuwa na nyuma. Mlango wa kuingilia ulikuwa kando ya mimbari, na upande wa pili ndiko kulikuwa na jiko. Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa wazee, aliitisha kikao kizima kuamua nyuma ni wapi. Wengine walisema nyuma ni karibu na mlango, kwa kuwa hata kwetu mwenye dhambi hukaa mlangoni. Lakini mlangoni pale mtu angekuwa anatazamana na kusanyiko lote kama mhubiri wa pili. Mwishowe wakakubaliana kwamba nyuma ni kule jikoni. Matokeo yake ni kwamba aliyetiwa adabu katika kanisa letu alikuwa wa kwanza kupata chai, na chapati yake ilikuwa ya moto. Sisi watoto tuliomba sana siku moja tutende dhambi ya kutosha.

Sasa niwatambulishe kwa Anti Mwende, mdogo wake mama. Alikaa nasi katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Baba alikuwa bado Machakos akingoja viza, mama alikuwa muuguzi wa zamu, na Anti alifanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja huko Columbia. Alikuwa na miaka ishirini na saba, sauti ya kwanza katika kwaya, na kicheko kilichoanza kabla kichekesho hakijaisha. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Ninalisema hili mapema ili mkumbuke mtakapoanza kunichukia.

Kazini kwake kulikuwa na kijana wa Kikongo kutoka Bukavu, jina lake Bahati, mpole na mtanashati. Jumamosi moja binamu yake alikuwa anaoa, naye akamwalika Anti. Mama alikuwa zamu, hakuna wa kuniachia, kwa hiyo nikaenda naye. Harusi kwetu haikuwa na neno. Neno lilikuwa kucheza. Kanisani tulicheza kwa mabega, tena polepole, na Mzee Kilonzo alifundisha kwamba kuanzia kiunoni kushuka chini mwili wa Mkristo unapaswa kutulia.

Wakongo hawakuwa wamepata fundisho hilo. Mpiga gitaa alipogusa nyuzi, ukumbi mzima ulisimama, hadi bibi mmoja aliyekuja na fimbo. Anti alivua koti. Alikuwa amevaa viatu vya njano, alivyovinunua wiki ile na hakuwa amevivaa popote. Alicheza kama mtu aliyeombwa kuzungumza baada ya kunyamaza mwaka mzima. Nilimtazama nikiwa nimeshika soda, mdomo wazi. Kisha mama mmoja alikuja akanifunga kitambaa kiunoni na kunisukuma katikati ya duara, na Mungu anisamehe, nilijua la kufanya. Walishangilia. Sijawahi kushangiliwa namna ile tena, hata siku ya harusi yangu.

"Mutoto huyu anajua kucheza muzuri sana," Bahati alimwambia Anti. "Weye ndiye ulimufundisha?"

"Mimi?" Anti akajibu. "Hata mimi leo ndiyo nimejua najua."

Tulipokuwa tunarudi, alizima redio ya gari, akanitazama kwenye kioo. "Ndinda, hii ni yangu na yako. Kwa church usi-mention, sawa? Wata-overreact."

"I know, Auntie," nikasema, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, nikimaanisha kwa moyo wangu wote. Nilishika siri hiyo kwa saa ishirini.

Kilichoniponza ni nyota. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Mwalimu Beatrice, alikuwa na chati ukutani. Ukijua mstari wa kukariri, nyota moja ya dhahabu. Ukitoa ombi la maombi kutoka moyoni, nyota nyingine. Mpinzani wangu alikuwa Joy, binti wa Mzee Kilonzo, aliyekuwa na bibi mgonjwa kule Makueni. Bibi huyo alikuwa hazina. Wiki hii goti, wiki ijayo macho, wiki nyingine presha, na Joy akawa amenipita kwa nyota tano. Sisi nyumbani kwetu tulikuwa na afya njema isiyo na faida yoyote.

Jumapili ile Joy aliomba kwa ajili ya meno ya bibi. Mwalimu Beatrice akauliza kama kuna mwingine. Mkono wangu ulipanda. Nilisema, kwa sauti ya upole niliyoisikia kwa akina mama, kwamba tumwombee Anti Mwende kwa sababu alikwenda kwenye harusi na viatu vya njano akacheza dansi za dunia, na mimi roho yangu ina uzito. Uzito, nilisema hivyo. Kuhusu kitambaa kilichofungwa kiunoni mwangu sikusema kitu. Mwalimu alishika kifua, akaniita mtoto mwenye mzigo wa maombi, akanipa nyota mbili.

Hamwezi kuelewa kilichofuata bila kujua mnyororo wa maombi. Ilikuwa karatasi yenye namba za simu za akina mama wote. Ombi likiingia, wa kwanza humpigia wa pili, wa pili wa tatu, hadi kanisa zima liwe magotini. Kusengenya kulikatazwa kabisa kanisani kwetu. Kuombeana kuliruhusiwa wakati wowote. Ombi langu liliondoka kwa Mwalimu Beatrice Jumapili jioni likiwa na harusi na viatu. Kufikia Jumanne lilikuwa limeokota klabu, chupa na wanaume wawili.

Jumanne hiyo nilikuwa mezani nafanya hesabu, na Anti anakata sukuma wiki, simu ikalia. Alikuwa Mama Joy, na sauti yake ilikuwa haihitaji simu.

"Mwende, kuna ombi. Ni dada yetu mmoja, jina sitataja, si vizuri. Ni wa kwaya. Sauti ya kwanza. Ana viatu vya njano. Shetani amemshika kiuno."

Nadhani Mama Joy alikuwa amefuata karatasi bila kuwaza, kama tunavyofuata foleni. Anti aliacha kukata. Aliangalia mlangoni, ambako viatu vyake vya njano vilikuwa vimekaa vimetulia, kisha akaniangalia mimi, na mimi nikaiangalia hesabu.

"Amina," akasema. "Tutamwombea."

Akakata simu, akashika karatasi, na ninawaapia, akampigia anayefuata. Alilitoa ombi lote neno kwa neno, hadi viatu. Mwishoni akaongeza: "Na mkiwa na nafasi mwombeeni pia mgongo, kwa ile kazi ya kuinua wazee unamuuma sana." Kisha akarudi kwenye sukuma wiki, akaendelea kukata, nyembamba kuliko mwanzo.

Jumamosi aliitwa na wazee. Alikwenda na mama, na mama ndiye aliyenisimulia jioni tukiwa mezani. Walimuuliza kama alicheza, akasema alicheza. Walimuuliza kama kulikuwa na mwingine wa kanisa letu, akasema aliyeitwa pale ni yeye. Miezi mitatu safu ya nyuma, na wiki tatu tu zilikuwa zimebaki kabla ya Pasaka, ambapo angeimba peke yake ubeti wa kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema, akiitazama karatasi ya namba ukutani. Alikuwa amekasirika kwa aibu. "Na wewe Ndinda, wakati anacheza wewe ulikuwa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo Anti akajibu.

"Alikuwa anakula. Nipitishie chumvi, dada."

Hiyo pia ilikuwa kweli, nilikula sana. Nikapitisha chumvi mimi mwenyewe. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi wakati ule, nami nikaona ukifungwa na mtu aliyekuwa na haki ya kuupiga teke ubaki wazi.

Basi Jumapili ikafika, Anti akaenda nyuma. Safu nzima ilikuwa yake. Mimi nilikaa safu ya pili na watoto wenye nyota, nikisikia kila kitu kwa mgongo: kiti chake kikilia, kikombe chake kikiwekwa sakafuni, sauti yake akiimba chini chini, maana kuimba kwa kujificha wazee hawakuwa wamekataza. Pasaka alivaa viatu vya njano. Ubeti wa kwanza ulipewa Mama Joy, akauua palepale, na haukufufuka siku ya tatu.

Msidhani watu walimchukia. Baada ya ibada akina mama walijaa jikoni kuosha vikombe, na siku moja niliingia kutafuta maji nikamkuta Mama Joy amesimama kando ya friji, taulo begani, akimuuliza Anti kwa sauti ya chini, "Lakini hiyo ya kiuno, hebu nione, inaanza na mguu gani?" Anti alimwonyesha, vidole vikitoka povu. Mama Joy alijaribu. Mke wa mwenyekiti wa wazee alijaribu mara nne, na ya nne haikuwa mbaya. Waliponiona, wote wawili wakaanza kuimba tenzi.

Nilitoka pale nimechukizwa. Niliwaza moyoni: hawa watu wazima ni wanafiki kweli. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mdogo mwenye nyota kumi na tisa.

Kwa sababu hatia haikunifanya niseme. Ilinifanya niwe mtakatifu. Kila jioni kabla ya chakula nilijitolea kuomba, na kila jioni niliomba kwa sauti, Anti akiwa ameketi mbele yangu: "Mungu, msamehe Anti Mwende kwa kucheza dansi za dunia, umrudishe kundini." Miezi mitatu, jioni tisini. Anti alikuwa akiinamisha kichwa, na nikimaliza husema "Amina" kwa sauti ileile, kisha huniuliza kama nataka ugali wa pembeni, ule wa kuungua ninaoupenda.

Adhabu iliisha, wakampa mkono wa ushirika mbele ya wote, akarudi kwaya. Baada ya mwaka na nusu aliolewa na Bahati, na wakahamia Columbia karibu na kazi. Mimi nilipata nyota za kutosha, nikapewa zawadi ya Biblia yenye zipu. Sikumwambia kitu. Kila nilipotaka kusema niliona muda umepita sana, na kesho yake ulikuwa umepita zaidi.

Nikafika miaka kumi na sita. Shuleni tukasomeshwa kitabu cha zamani sana, cha watu wa kanisa walioanzisha miji ya kwanza ya nchi hii. Mavazi yao yalikuwa meusi, hawakucheka, na walimsimamisha mwanamke mbele ya mji kwa dhambi yake, huku aliyeshirikiana naye akiwa amekaa kimya kati ya waheshimiwa. Wenzangu darasani walikufa kwa kicheko na hasira. Walisema watu hao ni wendawazimu, nani anaweza kumfanyia mtu hivyo? Nilikaa nikimuwaza Mzee Kilonzo, ambaye wiki iliyopita alikuwa ametutengenezea gari bure, na sikujua pa kuanzia kueleza.

Lakini insha niliandika. Niliandika juu ya yule aliyenyamaza, nikamrarua vipande vipande. Nilisema wanaohukumu angalau wanaamini wanachofanya, ila anayejua na kunyamaza, akamwacha mwenzake asimame peke yake huku yeye anasifiwa, huyo ndiye mbaya wao. Mwalimu aliandika pembeni kwamba ni insha bora darasani. Mama, ambaye alama nzuri kwake zilikuwa chakula, alitaka isomwe mezani Jumamosi, Anti akiwa amekuja na mtoto wake mgongoni. Nikasimama nikasoma kwa Kiingereza changu chote, mkono ukipigapiga hewa kama wakili.

Nilipomaliza, mama alipiga makofi. Anti hakupiga. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Amina," akasema.

Kwa sauti ileile. Jioni tisini zilinirudia zote kwa mpigo mmoja, nikaelewa kwamba alijua tangu simu ya Mama Joy, na kwamba kati yetu wawili aliyedanganywa alikuwa mimi.

Nilimfuata kwenye maegesho akimfunga mtoto kwenye kiti cha gari. Nilianza kulia kabla sijasema.

"Auntie, it was me."

"Nani tena, mama? Ni wewe pekee uliyeviona vile viatu."

"Mbona hukuniambia?"

Alifunga mkanda wa mtoto, akaujaribu kwa kuuvuta mara mbili. "Ningekushika, ungetubu kwa sababu umeshikwa. Nilitaka uje mwenyewe. Nilisema nitakupa wiki moja." Akacheka, kile kicheko chake. "Miaka mitano, Ndinda. Hata muthokoi, mahindi yale magumu, huiva."

Nilitaka aniambie yameisha. Hakuniambia. Alinipangusa kwa kanga ya mtoto iliyonuka maziwa, akasema nimalizie pale nilipoanzia. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba nilicheza, tena sana, na nikamtangaza aliyecheza nami huku mimi nikijificha, na nilipokea nyota mbili kwa ajili hiyo. Nilisema kwa Kiswahili, kibovu, bila kusaidiwa. Kisha Joy, msichana mzima wakati huo, akacheka kwa pua, na wazee wakatoka nje kushauriana.

Walirudi baada ya robo saa. Mzee Kilonzo alisafisha koo. "Sheria haizeeki," alisema, "lakini wewe ulikuwa mtoto. Jumapili moja." Nadhani alikuwa anatabasamu, ila kwa uso ule si rahisi kuwa na hakika.

Nilitembea kwenda nyuma. Nyote mliowahi kwenda mbele kupokea zawadi, jueni kwamba kwenda nyuma ni mbali zaidi. Nilikaa kiti cha katikati. Harufu ya chapati ilikuwepo kweli, kama tulivyokuwa tukiota, na sikutaka hata kipande. Niliona migongo tu, migongo ya watu walionibeba nikiwa mchanga, na nilijisikia niko peke yangu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kwaya ikasimama kuimba. Anti alikuwa mbele, safu ya sauti ya kwanza, joho la bluu. Alimpa mwenzake kitabu cha nyimbo. Akashuka, akapita katikati ya watu wote, taratibu, kiongozi wa kwaya akimtazama mkono ukiwa hewani, akafika kwenye safu yangu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Akaketi, akarekebisha joho lake, akaimba ubeti wake kutoka pale pale, na mbele wakalazimika kumfuata.

Miaka yote ile nilidhani kosa langu ni kusema. Kumbe nilisema mara moja tu, nikiwa mtoto, kwa ajili ya nyota mbili. Jumapili kumi na mbili zilizofuata niliketi safu ya pili nikimsikia nyuma yangu, na kutoka kwangu hadi kwake ilikuwa hatua ishirini. Wazee walimweka nyuma. Aliyemweka peke yake ni mimi.